Fizi za mwanangu hazikuwa uchafu

Nianze na hili la mswaki maana ndilo liliniuma kuliko yote. Mwanangu ana fizi nene, ngumu, zimepanda juu ya meno hadi ya mbele yanaonekana nusu na mengine hayaonekani kabisa, na kila tulipoingia chumba cha meno mtu anamwambia mtoto achame, anachungulia, halafu anageuka kuniangalia mimi. "Mama, huyu mtoto humswakishi?" Namswakisha jamani. Asubuhi na usiku, na mwenyewe anaupenda mswaki kuliko hata baba yake. Lakini ukishaambiwa hivyo mbele ya watu unaanza kujitetea, na mtu anayejitetea anaonekana muongo, basi unarudi nyumbani na dawa ya kusukutua na aibu yako.

Mi ni msusi, nasukia Mwanjelwa hapa Mbeya, udaktari sijasoma. Haya ninayoandika kuhusu ugonjwa wake wa kurithi, mengine nimeelezwa na madaktari wenye subira, mengine nimeyasoma usiku kwa bando langu halafu nikayarudisha kwao kuwauliza kama ndivyo. Naandika kwa sababu najua huku kwetu, Uyole, Rungwe, Makete, Njombe huko, kuna mama mwingine ana mtoto wa hivi na anaambiwa ni uchafu, au ni meno ya plastiki, au ukoo una jambo.

Alizaliwa mzima kabisa, kilo nzuri, ananyonya. Vitu vikaja kimoja kimoja na hakuna aliyeviunganisha. Kitovu kikatokeza. Mafua hayaishi, sikio linatoka usaha, usiku anakoroma kama mzee hadi nageuka kumwangalia kama anapumua. Meno yakachelewa, wenzake wanatafuna yeye ana fizi tu zimejaa. Vidole vikaanza kukunjika, ukimwambia nyoosha mkono haunyooki wote. Kila kitu kilipata dawa yake na jina lake, mafua dawa ya mafua, sikio dawa ya sikio, mwezi unaisha tunaanza upya.

Halafu majirani. Kama umekulia huku unajua habari ya meno ya plastiki, wengine wanasema ya nailoni, mtoto akiharisha au akipata homa na fizi imetuna kidogo wanasema hayo ndiyo yanamuua, apelekwe kwa fundi akachokonolewe, na wengine wanachokonoa kwa spoku ya baiskeli. Wanachokitoa pale ni mbegu za meno ya mtoto mwenyewe, hakuna plastiki yoyote, na watoto wanaondoka na vidonda, maambukizi, wengine wanakua meno yao hayaji tena. Fizi za mwanangu zilivyokuwa zimetuna ndio zikawa ushahidi kwao. Akatokea mwingine akasema ile koroma ni kimeo kirefu kikatwe. Aliyetuokoa hapo ni mama mkwe, mwanamke wa Tukuyu asiye na maneno mengi, akawaambia mjukuu wangu hachokonolewi na mtu na kimeo chake kinakaa kilipo, mwenye hamu ya kukata akakate ndizi shambani. Hadi leo nikimkumbuka pale nasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa.

Aliyekuja kuona ni binti mmoja daktari wa meno, mdogo wa umri, nilidhani ni mwanafunzi. Aliangalia mdomo kama wengine, ila hakunigeukia. Akauliza, mtoto ana kifafa? Hana. Ameshawahi kutumia dawa ya kifafa inaitwa fenitoini? Hajawahi. Maana ile dawa inakuza fizi, na kuna dawa za presha na za waliopandikizwa figo nazo zinakuza, na saratani ya damu pia inaweza kuvimbisha fizi za mtoto, kwa hiyo anatakiwa kuzichuja sababu hizo moja moja. Akaigusa fizi kwa kioo chake cha meno, ngumu, rangi yake ya kawaida, damu haitoki. Akasema fizi ya uchafu kwa kawaida inakuwa nyekundu, laini, ukiigusa inatoa damu. Halafu akauacha mdomo akashika vidole vya mtoto, akajaribu kuvinyoosha taratibu. Akamwinua kidevu akammulika macho kwa tochi ya simu. Akamlaza akabonyeza tumbo. Mi nimekaa pale nashangaa daktari wa meno anatafuta nini tumboni. Akaniambia, "Mama, hizi fizi si za mswaki. Naomba daktari wa watoto amwone leo leo, nitakwenda nanyi mwenyewe."

Nililia pale pale, na sikulia kwa ugonjwa maana sikuujua bado. Nililia kwa ile sentensi ya kwanza.

Kipimo cha kwanza kilichosema kitu ni damu ya kawaida kabisa. Kaka wa maabara aliweka kioo kwenye hadubini akakaa nacho muda, akamwita daktari, wakaongea, halafu akaniita na mimi niangalie. Kuna seli nyeupe za damu, kazi yake kulinda mwili, kwa kawaida ndani zina punje laini. Za mwanangu zilikuwa zimejaa punje nene za zambarau iliyokoza, zimesongamana hadi hujui seli inaanzia wapi. Nilikaa nikaangalia hadi akaniambia mama inatosha. Sijui kwa nini ilinituliza, labda kwa sababu kwa mara ya kwanza niliona kitu chenyewe na hakikuwa mimi.

Mkojo ukapimwa, ukawa na sukari nyingi za aina fulani ndefu. (Hapa naomba tuelewane, siyo sukari ya chai wala kisukari, maana nilipowaambia ndugu wakaanza kumnyima mtoto hadi uji.) Halafu damu ikadondoshwa kwenye karatasi maalumu, ikakauka, ikasafirishwa nje ya nchi kupimwa vimeng'enya, vile vitu mwilini vinavyovunjavunja vingine. Majibu yalichelewa na yalipokuja yalikuwa na jina refu, mukopolisakaridosisi aina ya 6, wenyewe wanaita MPS ya 6 au Maroteaux-Lamy, kwa majina ya madaktari wawili Wafaransa walioieleza mwaka 1963. Ukisoma orodha yao kuna ya 1, 2, 3, 4, halafu inarukia 6 na 7, ya 5 haipo. Ilikuwepo, wakagundua ni ya 1 hiyo hiyo ila nyepesi wakaifuta. Nimechekea hilo peke yangu saluni.

Sasa ni kitu gani. Ndani ya kila seli ya mwili kuna vifuko vidogo vinaitwa laisosomu, aliyevigundua ni Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1955 na mwaka 1974 akapewa Nobel. Ndani ya vifuko kuna tindikali na vimeng'enya vya aina zaidi ya hamsini vinavyovunja vitu vilivyochakaa ili seli itumie tena vipande vyake. Kuna minyororo mirefu ya sukari mwili unaitumia kwenye ngozi, gegedu, fizi, valvu za moyo (ile milango ya damu), na ikichakaa inavunjwa kuanzia mwishoni, kiungo kimoja kimoja, na kila kiungo kina kimeng'enya chake. Mi niliielewa kwa kazi yangu. Ukifumua rasta ndefu unaanzia nchani, ukifika penye fundo lililogoma huwezi kuliruka ukaendelee juu, rasta yote inakusubiri pale. Mwanangu amekosa kimeng'enya kimoja tu, arilsalfatesi B, na mnyororo unaogoma unaitwa dermatani salfeti. Vingine vyote anavyo, vimekaa vinasubiri zamu.

Kwa nini mdomo? Hili ndilo nililouliza sana maana nilikuwa naona ugonjwa wa seli zote za mwili umechagua kumwaibisha usoni. Nikaambiwa haujachagua, ni kwamba mdomoni kuna vitu vingi vinavyotumia huo mnyororo na vinaonekana kwa macho. Kwenye fizi kuna seli zinazotengeneza nyuzi za nyama, fibroblasti, zenyewe zinatengeneza dermatani salfeti na zenyewe zinatakiwa kuivunja. Zake zinatengeneza ila kuvunja hazimalizi. Vifuko vinajaa, vinatuna, ukiikata fizi kipande kidogo ukaweka kwenye hadubini unakuta seli ina mapovu mapovu ndani. Seli moja si kitu, lakini fizi yote ikiwa hivyo inanenepa, inapanda juu ya jino. Ulimi nao vile vile, unakuwa mkubwa hadi unasukuma meno ya mbele yanaachana na muda mwingine mtoto anauacha nje. Tonsili na nyama za nyuma ya pua nazo, ndio ile koroma. Na kwa sababu pua imeziba anapumua kwa mdomo, fizi zinakauka, mate hayazioshi, na sasa zile fizi ambazo hazikuwa na uchafu zinaanza kushika uchafu kweli. Mwezi wa sita na wa saba, mnaijua baridi ya Mbeya, midomo inapasuka hadi nampaka mafuta ya mgando kabla ya kulala na akiamka usiku.

La meno kutokutoka nalo lina seli zake. Nilidhani jino linasukuma tu fizi linatokea, kumbe kuna seli za kula mfupa, osteoklasti, zinatangulia mbele ya jino kufungua njia kwenye taya. Zinatumia kimeng'enya kinaitwa kathepsini K, na watafiti wameona kwamba ile minyororo ikilundikana inakizuia kufanya kazi yake. Njia haifunguki, jino linabaki chini. Tulipofika Dar walimpiga eksirei ya taya zima, ile mashine inazunguka kichwa, daktari akaiweka kwenye mwanga akaniambia "meno yapo mama, yote yapo." Nikayaona. Magego ya chini yamelala ndani kabisa karibu na ukingo wa taya, na kila moja limezungukwa na duara jeusi, kile kifuko kinachobeba jino kabla halijatoka, kimetanuka. Tena akanionyesha kiungio cha taya karibu na sikio, kile kichwa cha mfupa kinachotakiwa kuwa cha mviringo chake kimebapa, ndiyo sababu hachami sana. Mimi miaka yote namwambia chama vizuri nikuswaki, kumbe ndipo mwisho wake.

Moyo wakapima kwa eko, ile picha ya mawimbi ya sauti, valvu zimenenepa. Hili ni muhimu kwa mambo ya meno kuliko watu wanavyodhani, maana bakteria wa mdomoni wakiingia kwenye damu wakati wa kung'oa wanaweza kwenda kukaa kwenye valvu mbovu. Gego lake moja la utoto lilipokuwa limeoza, tabibu alitaka kung'oa siku ile ile, nikasema hapana, aongee na daktari wa moyo kwanza. Wakaongea, wakakubaliana apewe dozi ya antibayotiki kabla. Tabibu hakununa, alinishukuru.

Na usingizi. Hapa nataka niseme kwa sauti. Mtoto wa MPS kumlaza kwa dawa ya usingizi si jambo la kawaida. Ulimi mkubwa, koo jembamba, shingo haipindi vizuri, na kwa hawa wa aina ya 6 uti wa mgongo pale shingoni unaweza kuwa umebanwa, ukimvuta kichwa nyuma kwa nguvu ili upitishe mpira wa hewa unaweza kumharibu. Daktari wa usingizi huku alisoma faili lote, akaja kukaa na mimi kwenye benchi, akasema mama mimi simlazi hapa, mpira wa kawaida unaweza usipite, anatakiwa mahali wenye mpira wenye kamera na watu wa kusaidiana. Baba yake alikasirika, nauli tena, kupita kona za mlima Kitonga tena na mtoto anayetapika. Mi nilimheshimu sana yule daktari. Kitu kidogo kama jino kilichoweza kufanyika kwa ganzi kikafanyika kwa ganzi, kiti hakikulazwa, kichwa nimekishika mimi na mto chini ya shingo, na wakafanya kidogo kidogo na kumpumzisha.

Fizi za mbele pia zilipunguzwa kwa ganzi, ili yale meno mawili ya juu yatokeze aweze kung'ata. Yalitokeza na alijiangalia kwenye kioo cha saluni siku nzima akiwaonyesha wateja. Lakini nilielezwa mapema kabisa kwamba zitarudi, maana unachokata ni nyama tu, seli zilizobaki zina tatizo lile lile, na kweli zinarudi polepole. Tukiona zinamzuia kula tutazipunguza tena, kwa uzuri tu hapana.

Dawa ipo. Mwaka 2005 Marekani waliidhinisha dripu inaitwa galsulfase, ni kile kimeng'enya chenyewe kimetengenezwa maabara, kila wiki, maisha yote. Bei niliposomewa nilicheka, sijui kwa nini. Sisi hatuipati. Ila namna walivyofika huko ndipo nilipopenda haya mambo ya seli. Mwaka 1968 huko huko Marekani, Elizabeth Neufeld na wenzake walichanganya seli za ngozi za mgonjwa wa aina ya 1 na za mgonjwa wa aina ya 2 kwenye chombo kimoja, na zote zikaanza kupona. Kila moja ilikuwa inavujisha kile ambacho mwenzake hana, na mwenzake anakinyonya kinaenda hadi kwenye vifuko. Wagonjwa wawili wanasaidiana. Kutoka hapo ndio wakajua kimeng'enya kinaweza kuingizwa kutoka nje, kwa dripu au kwa kupandikizwa uboho wa mtu asiye na ugonjwa huu. Na hata anayepata dripu nimeelezwa inasaidia kupumua na kutembea, ila kwenye kioo cha jicho na kwenye mifupa inafika kwa shida, kwa hiyo mambo ya taya na meno yanataka mtu wa meno vile vile.

Ukoo ulikaa kikao, bila shaka. Upande wa mume wakasema ni huku kwetu, kwetu wakasema ni kwao. Jibu la kitabibu limewakera wote, kwamba ni kote kuwili. Mimi nina jeni moja nzima na moja mbovu, mume wangu hivyo hivyo, sote wazima, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kupata zile mbovu zote mbili. Mdogo wake ni mzima, na kuna shemeji mmoja hadi leo anasema basi hilo linaonyesha ilikuwa kurogwa. Nimeacha kubishana naye, namsuka tu na hela yangu nachukua.

Shuleni akili yake iko sawa, aina hii kwa kawaida haigusi ubongo, ila ulimi ukiwa nje watu wanamsemesha kwa kupaza sauti kama kiziwi. Hesabu anawafundisha wenzake. Herufi za ubaoni ndizo zinamsumbua, macho yana ukungu, anakaa mbele.

Nyumbani tunachofanya hakina ajabu. Mswaki wa kichwa kidogo wa watoto wachanga kwa sababu mdomo hauchami, dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya harage, kitambaa safi chenye maji ya chumvi kufuta sehemu mswaki usipofika, maji baada ya uji. Miwa nimekataa na ananilaumu. Kande anazipenda ila taya linachoka katikati ya sahani, basi nampondea, ndizi za Tukuyu na viazi anamaliza mwenyewe. Kwenye daftari lake la kliniki nimebandika karatasi ukurasa wa kwanza, kalamu nyekundu: jina la ugonjwa, valvu, shingo isivutwe, usingizi si hapa. Nesi mpya akifungua anaanzia hapo.

Yale magego yaliyolala bado yamelala. Daktari wa Dar amesema hayang'oi bila sababu, anataka eksirei nyingine alinganishe yale maduara, kama hayajaongezeka yaachwe, kama yameongezeka itabidi alazwe kwa ule mpira wenye kamera wayatoe. Nimeshamwambia baba yake viazi vya msimu huu visiuzwe vyote kwa mkupuo.